Moshi wa Gusheshe

Matairi ndiyo yanayokupokea. Hujaona gari lolote, hujalipa kiingilio, tayari unapita kando ya lundo la matairi chakavu linalomfikia mtu kifuani, na vijana wawili wenye ovaroli wanachambua: hili ubavu mzima, hili limetokeza waya, hili tupa kule. Wanachotafuta ni vipara. Tairi lenye kashata nzuri hapa ni hasara tupu, kwa sababu likishafungwa nyuma ya gari halimalizi hata nyimbo mbili. Mwenyeji wangu anasema yako maduka jijini yanayowawekea chakavu zao wanaocheza mchezo huu wa kuzungusha magari, mengine kwa bei ya kutupa, mengine bure, ilimradi uje na gari la kubebea.

Mwenyeji mwenyewe ni fundi, mtu wa Tanga, mwenye gereji ndogo Rosettenville, mtaa wa kusini mwa Johannesburg ambako ukisimama kidogo tu dukani utasikia Kireno cha Msumbiji, Kilingala, Kizulu na, usipokuwa na haraka, Kiswahili cha mtu wa Kigoma. Mimi ananiita mdogo wangu, nami namwita kaka, ingawa mvi zake zingeruhusu kumwita mzee. Hilo halitaki kabisa. Alinipakia kwenye pikapu yake alasiri, tukaingia Golden Highway, barabara inayoshuka kusini ikipita Eldorado Park kuelekea Orange Farm. Kabla ya hapo tulikuwa tumepita vile vilima vya mchanga wa manjano ambavyo mgeni hudhani ni milima ya Mungu. Ni makapi ya migodi. Dhahabu iligunduliwa hapa mwaka 1886, na kila jiwe lililosagwa likakamuliwa dhahabu yake lilimwagwa papo hapo. Upepo wa Julai ukivuma, vumbi lake linaingia mpaka kwenye chai. Jiji liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua likianza kushuka, sisi wa pwani tunaanza kutafuta makoti.

Uwanja hauna urembo. Eneo la lami lililochakaa, kuta fupi za zege kuzunguka, nyuma ya kuta uzio wa waya, nyuma ya uzio majukwaa ya mabomba, na nyuma ya majukwaa moshi wa aina nyingine: nyama choma, ambayo huku huitwa shisa nyama. Watoto wanakula kota, robo ya mkate iliyochimbwa ndani ikajazwa chipsi, soseji na achari ya embe, achari ile ile tunayoijua sisi, iliyokuja kwao na Wahindi kama ilivyokuja kwetu. Spika zinapiga amapiano. Nilitarajia vijana watupu. Vijana wapo, tena wengi, lakini wapo pia mama wenye viti vya kukunja na blanketi za magotini, wapo mababu wenye kofia za sufu, na mbele yangu baba mmoja amempakata binti wa miaka minne hivi aliyezibwa masikio kwa vizibo vikubwa vya rangi ya waridi. Wamekuja kama watu wanavyokwenda mpirani.

Halafu gari. Ni BMW ya mfululizo wa tatu, ile ya miaka ya 1980 yenye pembe za mraba, ambayo mitaa ya Soweto huiita gusheshe. Jina hilo limekaa kiasi kwamba mwaka 2013 mwanamuziki Cassper Nyovest alilitolea wimbo. Kwenye eneo la mafundi yamepangwa zaidi ya kumi: mekundu, ya dhahabu, moja la zambarau linalong'aa, mengi hayana kiti cha nyuma, mengine hayana boneti.

Kwa nini hili na si jingine? Kaka hajibu kwa mapenzi, anajibu kwa vyuma. Injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ukilikanyagia huku umekunja usukani, litaburuza pua mpaka lichoke. La kusukumwa nyuma mkia unatoka, na ukijua kuucheza mguu wa mafuta, pua inabaki mahali pake na mkia unaizunguka, kama pia iliyopigwa kamba na mtoto anayejua. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ina nguvu ya kuvunja mshiko wa matairi bila kulazimisha. Mwili mwepesi, kidogo tu zaidi ya tani moja. Na vipuri vilikuwa vingi, kwa sababu gari lilikuwa likiundwa hapa hapa: kiwanda cha Rosslyn, nje kidogo ya Pretoria, ambacho BMW ilikichukua mwaka 1973, kilikuwa cha kwanza cha kampuni hiyo nje ya Ujerumani. Afrika Kusini ilipata hata matoleo ambayo Mjerumani hakuyauza kwao. Kulikuwa na 333i ya lita 3.2, iliyoundwa mia mbili na ushee tu katikati ya miaka ya 1980, na baadaye 325iS ya lita 2.7, iliyotengenezwa ili iipige Opel kwenye mbio za magari ya dukani. Kaka anazitaja namba hizi kwa sauti ya mtu anayetaja majina ya wajomba zake.

Waliokuwa wakiliunganisha gari hilo Rosslyn walikuwa wengi wao Waafrika waliolala Ga-Rankuwa na Mabopane, maeneo waliyotengewa kwa rangi yao. Mshahara wao haukuwa wa kulinunua.

Kwa hiyo lilipoingia Soweto, mara nyingi liliingia kwa njia nyingine. Habari inayosimuliwa, nayo imeandikwa mara nyingi, ni kwamba mchezo ulianzia mazishini. Miaka hiyo ya 1980, majambazi waliokuwa wakiiba magari vitongoji vya Wazungu wakimpoteza mwenzao walikuja kumzika na BMW za wizi, wakazizungusha kwa heshima yake, risasi zikipigwa hewani. Gari lilichezwa mpaka matairi yapasuke. Halikuwa lao, nani wa kulionea huruma? Na zilikuwa zama za hali ya hatari. Kuanzia 1985 serikali ilibana mikusanyiko mpaka ikaweka masharti juu ya namna watu weusi wanavyozikana. Mtaa uliozoea kunyamazishwa ukasikia injini ikinguruma kwa makusudi, nje, mchana kweupe. Sisemi majambazi wale walikuwa wapigania uhuru. Waliwaibia majirani zao vilevile. Nasema tu naelewa kwa nini mtoto aliyesimama ukingoni mwa barabara siku kama hiyo alirudi nyumbani akikumbuka gari kuliko jeneza.

Mtoto yule leo ana miaka hamsini, ana ndevu nyeupe, na ndiye huyu aliyeinama chini ya gari la zambarau akikaza nati. Anayeliendesha ni mwanawe. Ndivyo mchezo ulivyobadilika mikono: kutoka makaburini ukaja vichochoroni na viwanja vya shule wikendi, kutoka hapo ukaja kwenye viwanja vyenye lango na tiketi, na mwaka 2014 Motorsport South Africa, shirika linalosimamia michezo ya magari nchini humo, likautambua rasmi. Sasa kuna mashindano yenye wadhamini wakubwa, yakiwemo ya Red Bull yanayoitwa Shay' iMoto, na majaji wanaotoa alama kwa ustadi, mbwembwe na udhibiti wa gari.

Jua limezama, taa zimewashwa. Mshereheshaji anasema lugha nne ndani ya sentensi moja. Gari la kwanza linaingia polepole kabisa, dirisha limeshushwa, dereva amening'iniza mkono nje kama anakwenda kununua mkate. Anafika katikati. Anasimama. Watu wanatulia, na hapo ndipo unapogundua kelele ulizokuwa umezizoea bila kujua.

Kisha anaachia klachi.

Sauti ya kwanza si ya injini, ni ya matairi, mlio mwembamba wa juu, na sekunde chache baadaye moshi mweupe unafumuka na kulifunika gari lote. Unachoona ni taa mbili nyekundu zikipita, zikipita, zikipita. Mtu asiyejua atadhani gari linakwenda kasi ya ajabu. Haliendi popote. Kaka ananipigia kelele sikioni kwamba kwenye gari hili kipimo cha spidi kinasomewa kwenye difu, kwa hiyo mshale mle ndani unaonyesha kilomita 100 na zaidi wakati bodi haijatoka kwenye eneo la sebule mbili. Mwendo wote uko magurudumuni. Lakini magurudumu mawili yakizunguka kila moja kwa mwendo wake, mkia haushiki duara. Ndiyo maana difu nyingi za magari haya zimechomelewa, ili ya kulia na ya kushoto yaende pamoja kwa lazima. Barabarani gari la namna hiyo ni balaa: kila kona linagoma. Hapa ndilo linalotakiwa.

Adui mkubwa wa dereva ni joto. Gari linalokimbia hupozwa na upepo. Linalozunguka mahali pamoja halina upepo, huku injini ikiwa juu kabisa. Wanabadilisha rejeta, wanaongeza feni, na bado gari la tatu usiku huo lilitoa mvuke mbele, dereva akalizima, likasukumwa nje kwa mikono, watu wakimpigia makofi ya pole. Pesa zinayeyuka hapa kuliko mpira. Klachi, ekseli, mafuta, rejeta, na kulisafirisha gari juu ya trela kwa kuwa wengi hawathubutu kulipitisha barabarani. Kaka alikuwa ameanza kunihesabia kwa vidole akaacha.

Mizunguko ni kiingilio tu. Kinachosubiriwa ni mchezo wa nje. Dereva wa gari la dhahabu, gari likiwa bado linazunguka, alifungua mlango, akatoa mguu mmoja, kisha kiwiliwili, akasimama juu ya kizingiti cha mlango mkono mmoja ukiwa bado kwenye usukani. Mwenzake wa upande wa pili akatoka dirishani akaketi juu ya mlango, mgongo ukielekea lami. Kisha dereva akashuka kabisa. Usukani umekunjwa mpaka mwisho, gari limeachwa kwenye giya ya kwanza, linajizungusha lenyewe taratibu, naye anatembea pembeni yake akilipigapiga paa. Akamaliza kwa kulala chali katikati ya duara, mikono nyuma ya kichwa, gari likimzunguka, huku yule mwenzake akiinama kupitia dirishani kulirekebisha. Hakuwa na helmeti. Mama wa blanketi kando yangu alisema neno la Kisotho ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Nikiri mvuto wake, maana wanaoandika juu ya mambo haya hupenda kuuruka. Hauko kwenye kasi wala kwenye mauti. Uko kwenye kumwona mtu maskini, au mtoto wa maskini, akilifanya dude la chuma la zaidi ya tani moja limtii mpaka aweze kuligeuzia mgongo. Hakuna gari la milioni kadhaa hapa, hakuna anayehitaji uwanja wa kilomita tano wala timu ya wahandisi. Gari la babu, tairi la jalalani, lami yoyote ile. Na watu wako mita chache tu. Dereva anawasikia wakiliita jina lake. Mcheza kwao hutunzwa, na sijaona mchezo wa magari ambao kwao kuko karibu hivi.

Alipoingia msichana, uwanja ulisimama. Zamani isingewezekana, sasa watazamaji wanamtaka. Njia hiyo imefunguliwa zaidi na Stacey-Lee May wa Eldorado Park, hapo hapo tulipopita, ambaye baba yake alimfundisha akiwa na miaka 16, akawa maarufu akiwa bado mwanafunzi wa sheria, na watu wakamvika jina la Malkia wa Moshi. Eldorado Park ilitengwa kwa watu waliohesabiwa machotara, Soweto kwa Waafrika, na barabara ikaachwa ifanye kazi ya ukuta. Leo majukwaani wamechanganyika na hakuna anayehubiri chochote kuhusu hilo. Msichana wa usiku huo alicheza kavu, bila kutoka nje ya gari hata mara moja, duara dogo lililofungwa hivi kwamba alama za matairi zilipofunuliwa na upepo zilikuwa juu ya alama. Kwangu alikuwa bora kuliko wote. Makofi aliyopata hayakufika nusu ya yale ya aliyelala chali.

Hapo ndipo penye shida, nami nilianza kuiona tangu wakati huo. Watazamaji huthamini hatari kuliko ustadi, kwa sababu hatari inaonekana kwa macho ya kila mtu na ustadi unahitaji kujua. Dereva anayecheza kavu wiki hii, wiki ijayo atatoa mguu.

Hata hivyo, nilipotazama kwa utulivu, sikumwogopea sana yule wa kulala chali. Ameufanya mchezo huo mara nyingi, gari liko giya ya kwanza, mwenzake analirekebisha, na akikosea, kosa lake litamrudia yeye. Niliogopa zaidi pembeni. Tairi likipasuka, na yote hupasuka, kwani kupasuka ndiko kunakongojewa na kushangiliwa, vipande vya mpira vyenye waya wa chuma ndani yake hurushwa mithili ya mawe. Kimoja kilipita juu ya uzio kikaangukia kwenye ngazi za jukwaa. Wavulana watatu walikikimbilia, aliyeshinda akakiinua juu kikiwa bado kinatoa moshi, akakitupia mkono mwingine, akarudisha, kimechoma. Hakuna mzazi aliyesema kitu. Rimu tupu ikikwaruza lami inatoa cheche, na chini yake kuna tenki la petroli. Zimamoto wapo, wamesimama na mitungi yao, na mara moja usiku huo walikimbia. Moshi wenyewe ni mpira na mafuta yaliyochomwa, sisi tumeuvuta saa nne mfululizo, na yule binti wa vizibo vya masikio hakuwa na kizibo cha pua.

Lakini ukuta wa zege upo. Huo ndio ninaoutetea. Mchezo wenyewe ni ule ule ndani ya ukuta na nje ya ukuta, dereva ni yule yule, gari ni lile lile. Linalobadilika ni nani atakayegongwa. Soweto inalijua hilo kwa majina. Machi 2010, huko Protea, magari mawili madogo yalikuwa yakishindana barabarani mchana, moja likiendeshwa na mwanamuziki wa hip hop aliyekuwa akipendwa nchi nzima, yakawavamia wanafunzi waliokuwa wakitoka shule. Wanne walifariki, wawili wakabaki na majeraha ya ubongo. Mahakama iliwatia hatiani madereva kwa kosa la mauaji mwaka 2012. Miaka miwili baadaye rufaa ikaligeuza kuwa la kuua bila kukusudia. Zile hazikuwa mbio za kuzunguka, zilikuwa za mwendo wa mbele. Wazazi wa watoto hawawezi kuambiwa watofautishe.

Nimewahi kusikia hoja kwamba mambo haya ni ya umaskini. Basi Riyadh imekosea wapi? Vijana wa Saudi Arabia wana mchezo wao wa miaka mingi, tafhiti, wa kuserereshea magari, mengine ya kukodi, kwenye barabara kuu zilizonyooka, gari likiyumba ubavu kwa ubavu katika mwendo mkali na watazamaji wamejipanga ukingoni. Mtafiti Mfaransa Pascal Menoret aliuandikia kitabu kizima mwaka 2014, na alichokiona kwa sehemu kubwa ni vijana walioachiwa barabara pana na hawakuachiwa kitu kingine. Mwaka 2016 ufalme uliweka faini ya riyali 20,000 kwa kosa la kwanza, ikipanda mpaka 60,000 kwa la tatu, pamoja na kunyang'anywa gari. Mafuta ya bei rahisi au tairi la jalalani, kijana wa miaka 19 anatafuta kile kile: mahali pa kuonekana. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba gusheshe linazunguka pale pale liliposimama, kwa hiyo linaweza kuzungushiwa ukuta. Tafhiti inakula kilomita. Soweto ilibahatika kubuni mchezo unaoingia kiwanjani.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusijitoe. Tumesimama kwenye kona za Safari Rally tangu 1953, na kila mwaka polisi huhangaika kuwarudisha nyuma watu wanaotaka kuguswa na vumbi. Hamu ya kuwa karibu haijavumbuliwa Soweto. Kaka ana mpwa wake Dar es Salaam mwenye Mark II, GX100, gari jingine la kusukumwa nyuma linalopatikana kwa bei ya kijana. Usiku ule mpwa alikuwa akifuatilia kwa simu, kaka akimtumia video moja moja, na kila video ilirudi na swali: difu inachomelewaje, mjomba? Inatumia fimbo gani za kuchomelea? Kaka alisoma, akacheka, hakujibu.

Tulitoka mapema kidogo kukwepa foleni, na wengi walikuwa na akili hiyo hiyo. Nje ya lango, kwenye tuta la nyasi, walikuwa wamekaa vijana ambao hawakuingia kabisa. Kutoka pale juu unaona moshi na kusikia sauti bila kulipa. Wachache walikuwa na magari yao wenyewe, si ya maonyesho, ya kawaida, na chupa zilikuwa zikizunguka. Nilimuuliza mmoja kwa nini hachezi ndani. Alijibu kwa Kiingereza cha haraka kwamba ndani wanataka fremu ya mabomba, wanataka mkanda wa mbio, wanataka ada, na yeye ana gari, hana hivyo vingine. Hakulalamika. Alikuwa anaeleza bei. Sheria ya barabara ya mwaka 1996, kifungu cha 63, inakataza kuendesha kwa uzembe au ujeuri, na sidhani kama yuko mtu juu ya tuta lile asiyejua kwamba polisi wakija kuna kesi. Wanahesabu tu kwamba polisi ni wachache na usiku ni mrefu.

Tuliwakuta wenzao kwenye makutano ya kwanza yenye taa, ambazo huku wenyewe wanaziita roboti. Taa ilikuwa ya kijani kwetu na hakuna aliyesogea, kwani katikati ya makutano lilikuwa gari jeupe likizunguka. Moshi ule ule, mlio ule ule, ila hakuna zege. Teksi za abiria zimekwama pande zote, abiria wameshuka, na badala ya kurudi nyuma wanasonga mbele, simu juu, duara la watu linabana na mzunguko wa gari unapanuka. Nilimwona mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Dereva alikuwa mzuri, naomba niseme kweli. Labda mzuri kuliko wawili au watatu niliowalipia. Ila tairi la nyuma kulia lilikuwa tayari linapigapiga, na kaka, ambaye sikio lake halimdanganyi, akaweka giya ya nyuma.

"Linapasuka sasa hivi hilo, mdogo wangu. Funga kioo."

"Tusubiri kidogo, kaka, tuone."

"Uone nini? Ulikuwa unaona saa nne nzima."

Akarudi kinyumenyume umbali wa kutosha kumkera kila mtu aliyekuwa nyuma yetu, akakata kona kwenye barabara ya vumbi kandokando ya reli. Mlipuko wa tairi tuliusikia tukiwa tumeshageuka. Ukafuatwa na kelele za watu, na kwa mbali hivyo huwezi kujua kelele za furaha na zile nyingine zinatofautiana wapi. Hatukurudi kuangalia. Kesho yake alimuuliza mteja mmoja anayekaa upande ule, akaambiwa hapakuwa na neno, watu walitawanyika tu polisi walipokuja.

Gerejini, tukisubiri chai, simu yake ililia tena. Mpwa. Safari hii kaka alimjibu: nitakuelekeza difu, ila kwanza nitumie picha ya mahali utakapochezea. Picha ikaja haraka, kijana kaipania. Ni barabara ya mtaa, lami mpya ya halmashauri, nyumba pande zote mbili, na watoto watatu wameketi kwenye ukingo wa mfereji wanamtazama mpiga picha. Kaka aliivuta kwa vidole ikakua, akaitazama sana, kisha akaniuliza kama Dar bado kuna uhaba wa mafundi wa mageti. Nikasema wapo wengi lakini kazi ni nyingi zaidi.

Akamwandikia kwamba kama anataka kujua kuchomelea, aanze na mageti.